Utoto Katika Tawasifu: Nani Aliugharimia?

Kitabu cha maisha kinachosikilizwa na watu wengi zaidi nchini mwetu hakiuzwi dukani. Husomwa msibani, kabla ya mwili kupelekwa makaburini, na mtu aliyezoea kushika kipaza sauti. Muundo wake tunaujua kwa moyo: marehemu alizaliwa mwaka fulani, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto wanane, alisoma shule ya msingi fulani, alijiunga na sekondari, aliajiriwa, alifunga ndoa, alijaliwa watoto, alianza kusumbuliwa na maradhi. Utoto hupewa sentensi moja, na sentensi hiyo kwa kawaida ni jina la shule. Asiyesoma hana hata sentensi hiyo. Anazaliwa, kisha anaolewa.

Nafundisha fasihi chuo kikuu, na muundo huo wa msibani naukuta kila mwaka katika kazi za wanafunzi wangu. Ukimwambia kijana wa miaka 21 aandike kurasa mbili kuhusu utoto wake, ataanza na siku aliyoandikishwa darasa la kwanza, kana kwamba kabla ya rejesta ya mwalimu hapakuwa na mtu. Atapita haraka kwenye mtihani wa darasa la saba, ataingia bwenini, na mwishoni mwa ukurasa wa pili atakuwa ameshachaguliwa kuingia chuo. Utoto unakuwa ngazi ya kupandia, na ngazi ikishatumika hakuna anayeuliza ilichongwa na nani.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba utoto na ujana wa mapema ndiyo sehemu yenye siasa nyingi kuliko zote katika tawasifu. Mtu mzima anaweza kujidai kwamba amejitengeneza mwenyewe. Mtoto hawezi. Yupo aliyembeba, aliyempikia, aliyemchotea maji, aliyekosa kitu ili yeye akipate. Kwa hiyo kila tawasifu ninayoisoma naiuliza swali moja: nani aliugharimia utoto huu, na je, mwandishi amemtaja?

Tuanze na pwani yetu wenyewe. Mwaka 1886 kilitoka mjini Berlin, kwa Kijerumani, kitabu cha kumbukumbu za Sayyida Salme binti Said, aliyekuja kuitwa Emily Ruete. Alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, Unguja, akiwa binti wa Sayyid Said. Sura zake za utoto bado zinavutia: bustani, mabafu, farasi, ndugu wasiohesabika, na msichana anayejifundisha kuandika kwa siri kwa kunakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujana wake nao una uzito wa kisiasa usio wa kawaida. Mwaka 1859, akiwa na umri wa miaka 15 hivi, elimu ile ya siri ilimfanya kuwa mwandishi wa barua wa kundi la kaka yake Barghash lililotaka kumpindua Sultani Majid. Uasi ulishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na binti yule akabaki na doa ambalo halikufutika katika ukoo wake.

Ukimsoma kwa swali langu, kitu kingine kinajitokeza. Kasri lile liliendeshwa na watumwa. Wamo katika kila ukurasa wa utoto wa Salme: wanabeba, wanaogesha, wanapepea, wanasindikiza. Wamo kama vile milango ilivyomo. Hakuna hata mmoja ambaye utoto wake mwenyewe unasimuliwa, ingawa wengi wao walifika Unguja wakiwa watoto. Zaidi ya hayo, Salme mtu mzima anaandika sura nzima ya kuutetea utumwa wa nchi za Mashariki dhidi ya wakosoaji wa Ulaya. Simshangai. Aliandika akiwa mjane ugenini, akitaka wanawe waliokulia Ujerumani waujue upande wao wa pili. Alikuwa akilinda kitu pekee alichobakiwa nacho, yaani utoto wake, na kukiri mashaka kuhusu watumwa kungekuwa ni kuitia shaka furaha ile yenyewe. Hiyo ndiyo hatari ya utoto wenye raha: mwenye nao huutetea pamoja na gharama zake.

Mwaka mmoja tu baadaye, mwaka 1887, kikachapwa kitabu kingine kutoka kisiwa kile kile. Kinaitwa Kiungani, kwa jina la shule ya wamisionari wa UMCA iliyokuwa nje kidogo ya mji wa Zanzibar. Humo wamo vijana waliookolewa utumwani, wakieleza vijiji vyao, vita, kutekwa, kuuzwa kutoka mkono hadi mkono, na safari ndefu ya kuja pwani. Vijana waliandika wenyewe, lakini kilichofika kwa wasomaji wa Ulaya ni tafsiri ya Kiingereza iliyohaririwa na A. C. Madan. Hebu viweke vitabu hivi viwili mezani pamoja. Kimoja ni utoto wa ndani ya kasri. Kingine ni utoto wa wale ambao, kama wasingeokolewa, wangekuwa wabeba maji wa kasri kama lile. Jina la binti mfalme linajulikana, na nyumba za makumbusho zinamkumbuka. Vijana wa Kiungani husomwa na watafiti wachache, nao husomwa kama ushahidi wa biashara ya utumwa, si kama waandishi.

Na kati ya hawa wawili yupo wa tatu, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Maisha yake, yaliyochapwa Berlin na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, ndiyo tawasifu mashuhuri ya kwanza katika lugha ya Kiswahili. Inaanza mwandishi akiwa na miaka 12, akisafiri kwa biashara ya sandarusi. Hakuna mama anayembeleza, hakuna mchezo, hakuna woga wa giza. Ni kama mtu aliyezaliwa akiwa na mzigo wa biashara tayari mkononi. Nadhani kimya kile kina maana. Mtu aliyejenga utajiri wake kwa pembe za ndovu na kwa migongo ya watu hawezi kutuonyesha mtoto bila kutukumbusha watoto wengine waliokuwa njiani katika misafara yake.

Msomaji wangu atauliza: je, mapokeo yetu ya Kiswahili hayakumpa mtoto nafasi? Yalimpa, lakini kama msikilizaji. Mwana Kupona, katika utenzi wake maarufu wa karne ya 19, anamuusia binti yake. Binti anasikiliza, sauti yake haisikiki. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, alitunga Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume na Hati kwa ajili ya binti yake, akaziingiza tungo hizo katika Maisha Yangu. Lakini katika tawasifu hiyo hiyo tunakutana zaidi na mtumishi wa serikali, mume, mjane na mzazi. Mtoto wa Vibambani amepewa nafasi finyu mno. Silioni hilo kuwa udhaifu wa Shaaban. Alikuwa Mwafrika anayeandika chini ya serikali ya kikoloni iliyozoea kumwita mtu mzima mweusi "boi". Katika mazingira hayo, kujitambulisha kwanza kama mtu mzima mwenye kazi, ndoa, busara na wana wa kuwaonya kulikuwa ni msimamo wa kisiasa. Tatizo ni kwamba sisi, ambao hakuna tena anayetuita boi, tumerithi kimya chake bila kurithi sababu yake.

Kule Afrika Magharibi mjadala huu ulipamba moto mapema. Mwaka 1953 Camara Laye wa Guinea alichapisha L'Enfant noir, masimulizi ya utoto wake Kouroussa, katika karakana ya baba yake mfua dhahabu, hadi siku ya kuondoka kwenda Ufaransa. Mwaka uliofuata Mongo Beti wa Cameroon alimshambulia kwa kuandika utoto mtamu wakati wakoloni wanawakamua watu. Nimewahi kufundisha mjadala huo nikiwaona wanafunzi wakigawanyika sawasawa. Mimi nasimama na Beti nusu ya njia. Alikuwa na haki ya kuuliza mkoloni yuko wapi. Lakini swali lake lilitazama juu tu, kwa mtawala. Liko swali jingine linalotazama jikoni, nalo mara nyingi huwakwepa hata waandishi wa kimapinduzi.

Aliyelijibu vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni Ngũgĩ wa Thiong'o katika Dreams in a Time of War, kitabu kilichotoka mwaka 2010. Ukoloni umo wote: hali ya hatari, kaka yake Wallace aliyeingia msituni, na Gitogo, ndugu yake wa baba, aliyepigwa risasi na kufa kwa sababu alikuwa kiziwi na hakusikia amri ya kusimama. Ila kitovu cha kitabu si vita. Ni mapatano kati ya mtoto na mama yake, Wanjiku. Mama asiyejua kusoma anamwambia mwanawe kwamba anaweza kumpeleka shule, lakini wao ni maskini, na huenda siku nyingine asipate chakula cha mchana. Je, ataahidi kutokata tamaa na kufanya bidii yake yote? Sare ile ya kwanza ya shule inatoka katika jasho la mama shambani, na msomaji analiona jasho hilo. Miaka mingi baadaye, mwandishi anayejulikana dunia nzima anaweka wazi hesabu: deni hili ni la fulani, na jina lake ni hili. Katika kitabu kilichofuata, cha mwaka 2012, kijana yule anarudi nyumbani mwaka 1955 baada ya muhula wake wa kwanza katika shule ya Alliance na kukuta kijiji kimebomolewa. Ujana wake unaanzia hapo, kati ya bweni lenye usalama na nyumba isiyokuwepo. Hajifichi kwamba usalama ule ulikuwa wake peke yake.

Sasa niseme kwa nini jambo hili kwangu si la darasani tu.

Nilizaliwa Morogoro mwaka 1980, katika miaka ya uhaba. Baba alikuwa karani na mama nesi wa zamu za usiku. Nilipokuwa sijatimiza mwaka, aliletwa nyumbani msichana wa miaka 13 kutoka kijiji kimoja cha Kongwa. Aliachia masomo darasa la nne. Tulimwita Dada, na kwa heshima ya wanawe nitamwita hivyo hivyo. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni, mimi na kisha wadogo zangu watatu. Yeye ndiye aliyeamka alfajiri kwenda kuweka jiwe lake kwenye foleni ya sukari katika duka la ushirika, aliyepika unga wa njano tuliouita unga wa Yanga, aliyefua kwa majani ya mpapai sabuni ilipokosekana. Usiku, mama akiwa wodini, yeye ndiye aliyesema paukwa nasi tukaitikia pakawa. Nina shahada ya uzamivu katika fasihi, na mwalimu wangu wa kwanza wa fasihi alikuwa mtoto mwenzangu.

Mama, ambaye sasa ni mzee, hupenda kusema bila kificho kwamba bila Dada asingebaki kazini. Ananiambia pia kwamba Dada alivunja ungo nyumbani kwetu, mbali na mama yake na mashangazi waliopaswa kumfunda, na jirani ndiye aliyeifanya kazi hiyo. Mshahara wake ulichukuliwa na baba yake kila baada ya miezi mitatu, na kwa fedha hizo mdogo wake wa kiume akanunuliwa sare na madaftari hadi akawa mwalimu. Kwa hiyo msichana mmoja aligharimia utoto wa watoto wanne wa nyumba yetu, kazi ya mama yangu, na elimu ya kaka mtu. Wake mwenyewe haukugharimiwa na mtu. Alipofika miaka 20 akaenda kuolewa.

Alifariki mwaka juzi. Wanawe, ambao huniita mjomba, waliniomba niandike wasifu kwa kuwa mimi ni msomi. Familia ilinipa karatasi yenye tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya ndoa, majina ya watoto na wajukuu, na jina la ugonjwa. Kati ya kuzaliwa na ndoa palikuwa patupu. Nikaandika pale sentensi mbili: kwamba akiwa na umri wa miaka 13 alipelekwa Morogoro kufanya kazi za ndani, na kwamba kwa miaka saba, akiwa mwenyewe mtoto, alilea watoto wanne wa nyumba nyingine na kumsomesha mdogo wake.

Kabla ya ibada mdogo mtu huyo, mwalimu mstaafu, mtu mpole na mcha Mungu, alinivuta kando. "Daktari," aliniambia, "hapo paruke. Sema tu aliishi Morogoro kwa muda. Watu watasema baba alimuuza." Nilimwelewa. Hakuwa akilinda heshima yake peke yake. Alikuwa akimlinda baba aliyekufa zamani, ambaye naye katika miaka ile hakuwa na mengi ya kuchagua. Nikamjibu kwamba karatasi si yangu wala si yake, tuwaulize wenye mama. Binti mkubwa alisoma zile sentensi mara mbili, kisha akasema, "Mjomba, isomwe ilivyo. Sisi hatujawahi kuambiwa mama alikuwa wapi kabla yetu."

Ikasomwa. Mwalimu yule alikuwa ameinamisha kichwa wakati wote, na baada ya mazishi hakuongea nami. Mwezi mmoja baadaye alimpigia simu mpwa wake huyo, akamsimulia kwa muda mrefu habari za madaftari, nani aliyaleta kijijini, na jinsi alivyokuwa akiyafunika kwa magazeti yasichakae. Sidhani kwamba aliwahi kuyasema hayo kabla.

Nalihusisha hili na siasa kwa sababu tumezoea hadithi moja ya utoto majukwaani. Mgombea huinuka na kueleza kwamba alikwenda shule bila viatu, alitembea kilomita nyingi, alisoma kwa kibatari, na leo yuko pale kwa juhudi zake. Sisemi anadanganya. Nasema hesabu yake ina upande mmoja. Wengi wa kizazi chake walisoma wakati taifa lilipokuwa limeamua kubeba gharama: bweni, chakula, madaftari, hata waranti ya treni ya kwenda na kurudi shuleni. Nyuma ya wengi wao palikuwa na dada aliyebaki nyumbani. Mtu anayesimulia utoto wake bila waliougharimia huishia kuamini kwamba maskini wa leo hawajitahidi. Kutoka hapo ni hatua fupi tu hadi kupunguza bajeti ya mikopo ya wanafunzi kwa dhamiri safi.

Wala habari hii si ya miaka ya 1980 pekee. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka umri wa chini wa kuajiriwa kuwa miaka 14, na shule za serikali sasa hazitozi ada. Hata hivyo, sidhani kama msomaji yeyote wa mjini anahitaji kutembea mbali kutoka mlangoni pake ili amwone msichana wa miaka 12 au 13 amebeba mtoto wa mtu. Huyo anaishi utoto wake hivi sasa, na mtoto aliye mgongoni mwake huenda siku moja akaandika kitabu.

Muhula huu nimebadilisha zoezi la wanafunzi wangu. Kurasa ni mbili zile zile, ila kuna sharti: kila chakula kitakachotajwa kiwe na mpishi mwenye jina, na kila ada iwe na aliyeitoa. Baadhi wamelalamika kwamba hawayajui majina. Wengine wamelazimika kupiga simu nyumbani kuuliza, na kazi zao zimechelewa kwa sababu simu hizo zilikuwa ndefu. Nimewaongezea wiki moja. Nawe msomaji, ikiwa aliyekubeba yu hai, mtafute sasa, umuulize yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa namna gani kabla ya kuletwa kwenu. Mwache aanze anapotaka kuanza, na usimkatize.